Kutia Weusi Upya Bunduki ya Marisau Iliyotumika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu chuma peke yake. Mbao za kitako ni somo lingine. Mfano mkuu ni bunduki ya mitutu miwili iliyolala sambamba, kipimo cha 12, ya aina iliyotengenezwa kwa wingi Birmingham, Liège, Saint-Étienne na Eibar. Tumeichagua kwa sababu ndiyo inayoharibiwa zaidi na mafundi wenye haraka. Bunduki za mtutu mmoja na za kupampu ni rahisi zaidi, nazo zinatajwa panapohusika.

Ule weusi wa mtutu ni rangi, au ni nini hasa?

Ni kutu. Chuma kina kutu za namna mbili. Ile nyekundu hunyonya maji, huvimba na kubanduka, na chini yake chuma huendelea kuliwa. Ile nyeusi, magnetaiti, imeshikamana na chuma na haibanduki. Fundi wa njia ya zamani huotesha kutu nyekundu kwa makusudi, nyembamba na ya kulingana, kisha huuchemsha mtutu kwenye maji safi mpaka ile nyekundu igeuke nyeusi. Husugua unga uliolegea, halafu huanza tena. Baada ya mizunguko sita hadi kumi, weusi umeiva.

Hapo kuna mambo mawili ambayo wanunuzi wengi wa bunduki kuukuu hawayajui. La kwanza, weusi huo haufichi kitu. Mkwaruzo uliouacha chini utauona juu, tena kwa uwazi zaidi. La pili, weusi wenyewe hauzuii kutu kwa nguvu kubwa. Kazi yake ni kushika mafuta, na mafuta ndiyo kinga.

Nikague nini kabla ya kugusa msasa?

Kwanza fungua bunduki, tazama chemba zote mbili (mahali risasi zinapokaa) kwa macho, pitisha kidole, kisha peleka risasi zote chumba kingine. Fanya hivyo kila unaporudi kazini, hata kama uliiacha dakika tano zilizopita.

Kisha tenga mitutu na mwili. Ining'inize kwa ndoana yake ya chini kwenye kamba au kidoleni, uigonge kwa kifundo cha kidole. Mitutu mizima hulia kama kengele, na sauti hudumu. Ikilia kama debe lililopasuka, lehemu ya mbavu (vipande virefu vyembamba vya chuma vinavyounganisha mitutu) imeachia mahali fulani. Usiendelee: dawa na maji vitaingia kwenye upenyo huo na kutu itakula kutoka ndani, mahali usipoweza kufika. Kulehemu mbavu upya ni kazi ya fundi bunduki mwenye leseni.

Tazama mabonde. Shika mtutu uelekee dirishani, uzungushe taratibu, ufuate mstari wa mwanga. Mstari ukipinda, pale pamebonyea. Bonde huinuliwa kutoka ndani kwa kifaa maalumu kabla ya kusugua. Ukisugua kwanza ili kulificha, unapunguza chuma pembeni mwake na kuacha ukuta mwembamba.

Na ukuta ndio swali zito kuliko yote. Wauzaji wa bunduki Uingereza kwa desturi huuona unene wa milimita 0.5 kuwa mpaka wa chini kabisa kwa sehemu ya mbele ya mtutu wa kipimo cha 12. Karibu na chemba lazima uwe mnene zaidi. Bunduki iliyowahi kusuguliwa mara mbili au tatu tangu miaka ya 1920 inaweza kuwa imeshafika hapo. Unene hupimwa kwa geji ya ukuta wa mtutu, si kwa jicho. Kama hujaupima, usisugue.

Sheria inaruhusu nifanye mwenyewe?

Inategemea uko wapi, na jibu la mwisho liko kwa ofisi iliyokupa leseni. Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uliza kabla ya kuanza. Mambo mawili hayana mjadala popote: usimwachie bunduki fundi asiye na leseni ya kuishika, hata kwa usiku mmoja, na usiifute namba ya bunduki.

Hilo la namba lina mtego. Namba iliyopigwa kwa kina kidogo inaweza kufifia kwa msasa bila mtu kukusudia, na polisi haangalii nia kwanza. Funika namba kwa utepe wa kubandika tabaka mbili unaposugua, na sehemu hiyo imalizie kwa mkono, kwa msasa laini tu. Kwa wasomaji walio Marekani: bunduki nyingi za marisau za kabla ya mwaka 1968 hazina namba kabisa, kwa sababu sheria ya shirikisho haikuitaka. Hiyo haina tatizo. Yenye tatizo ni iliyokuwa na namba ikafutwa.

Mihuri ya majaribio nayo iheshimiwe: taji na herufi za London au Birmingham, au nguzo ya Liège. Ndiyo ushahidi pekee kwamba mtutu ulijaribiwa, na kwa baruti ipi.

Kwa nini nisitumie chumvi za moto kama kiwandani?

Kwa mitutu miwili iliyolehemiwa, usithubutu. Njia ya kiwandani hutumia kostiki soda pamoja na chumvi za naitreti, zikichemka kwenye joto la nyuzi 135 hadi 150. Joto hilo halitoshi kuyeyusha lehemu laini, ambayo huanza kulainika kwenye nyuzi 183 hivi. Tatizo ni kostiki yenyewe: hula bati na madini ya risasi vilivyomo kwenye lehemu. Mbavu huachia taratibu, pengine miezi kadhaa baadaye. Zaidi ya hapo, chumvi hujipenyeza chini ya mbavu na haisafishiki. Utaona unga mweupe ukitokeza kwenye mshono kila hali ya hewa inapobadilika.

Kwa mtutu mmoja usio na lehemu, au bunduki ya kupampu ya chuma kitupu kama Remington 870, njia hiyo ni sahihi kabisa, lakini kwenye karakana yenye tangi na uingizaji hewa, si uani. Tone la maji likianguka kwenye tangi hilo hugeuka mvuke papo hapo na kurusha kostiki usoni mwa mtu. Na kipande cha aluminiamu kikitumbukia humo, huchemka kwa fujo na kuyeyuka.

Na zile dawa baridi za chupa?

Ni za kuziba pengo, si za bunduki nzima. Nyingi hutumia mchanganyiko wenye seleniamu na shaba, unaoacha tabaka laini la rangi juu ya chuma. Kwenye kichwa cha skrubu au mkwaruzo wa sentimita mbili hufaa. Kwenye mtutu mzima hutoka na mawimbi, hunuka, na hufutika pale mkono unaposhika ndani ya msimu mmoja. Seleniamu ni sumu. Vaa glavu, usifanyie jikoni.

Nahitaji vifaa gani kwa njia ya kutu?

Tangi la bati jeusi au la chuma kisichoshika kutu, urefu sentimita 90, upana 15, kina 15. Fundi welda yeyote atalitengeneza. Mwambie aling'arishe ndani na alijaribu kwa maji. Usikubali bati la mabati yenye zinki, wala aluminiamu. Mitutu ya inchi 28 ni sentimita 71, ya inchi 30 ni 76, kwa hiyo inaingia na vishikio vyake. Ukijaza kina cha sentimita 12 unahitaji lita 16 za maji.

Jiko la gesi la plati mbili chini ya tangi. Mkaa unafaa kwa joto, ila majivu yakipeperuka yakatua kwenye chuma kibichi hutia madoa.

Maji safi yasiyo na chumvi. Hapa lugha inaweza kukuponza: ukiomba "maji ya betri" dukani, unaweza kupewa maji yaliyotoneshwa, ambayo ndiyo unayoyataka, au asidi ya betri. Soma chupa. Maji ya mvua yaliyochujwa ni mazuri pia, mradi si ya mvua ya kwanza iliyoosha vumbi la paa. Maji ya kisima cha pwani hayafai hata kidogo.

Pamba ya chuma namba 0000, ile laini kuliko zote. Waya wa kusugulia masufuria si mbadala. Utachora mistari kwenye weusi uliouhangaikia siku nne. Kilicho bora zaidi ni brashi ya waya mwembamba sana, unene wa milimita 0.1 hivi, lakini lazima iagizwe. Pamoja na hayo: msasa namba 220, 320 na 400, vipande vya mbao vya kuushikilia, asetoni lita moja, vijiti vinne vya mbao laini, glavu za mpira, na kipima unyevu cha bei ndogo.

Dawa ya kuotesha kutu nunua iliyo tayari. Laurel Mountain Forge, Pilkington na Brownells Classic Rust Blue zina sifa ya muda mrefu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kupaka mitutu yote mara moja, na hubaki, kwa hiyo chupa ndogo hukaa sana.

Nimesikia haidrojeni peroksaidi na chumvi hufanya kazi ileile.

Huotesha kutu, ndiyo, tena kwa dakika. Lakini kutu hiyo ni ya chembe kubwa, na chumvi ya mezani hujificha kwenye vitundu vya chuma ikaendelea kuita kutu miezi baadaye. Kwa panga au shoka la kuning'iniza ukutani, sawa. Kwa mtutu unaobeba mlipuko karibu na uso wako, hapana. Na kuchanganya asidi za naitriki na haidrokloriki nyumbani kwa kufuata mapishi ya kale hakuna faida inayolingana na hatari yake.

Weusi wa zamani na kutu iliyopo vinaondolewaje?

Siki nyeupe ya asilimia 5 huuondoa weusi wa zamani kwa dakika 15 hadi 30. Funga kitambaa kilicholoweshwa siki kwenye mtutu, kifunue kila dakika tano, ukifika kwenye kijivu kitupu acha. Osha kwa maji yenye vijiko viwili vya magadi ya kuokea kwa lita, kausha, paka mafuta mara moja kama hutaendelea siku hiyo.

Springi na vipande vidogo vya ndani visiguse siki wala asidi nyingine. Chuma kigumu kikilowa kwenye asidi hunyonya haidrojeni na kuwa chepesi kuvunjika, na springi ya namna hiyo hukatika siku usiyoitarajia.

Nisugue kwa msasa namba ngapi, na kwa mwendo gani?

Anza 220 pale tu penye makovu, endelea 320 kote, malizia 400. Ishia hapo. Watu hudhani ukingʼarisha hadi 1000 weusi utakuwa mzuri zaidi. Kwa njia ya kutu ni kinyume: chuma kilicho laini kama kioo hakiipi dawa mahali pa kuuma, na kutu huota kwa mabaka. Mng'ao wa njia hii ni wa hariri, si wa kioo.

Msasa ufungwe kwenye kipande cha mbao, usivutwe kwa vidole. Vidole hufuata mabonde na kuyachimba zaidi. Mwendo wa mwisho uwe wa kwenda urefu wa mtutu, kutoka chemba hadi mdomo, mikwaruzo yote ielekee upande mmoja. Pembeni mwa mbavu tumia kijiti kilichochongwa kama patasi.

Mashine ya kung'arisha yenye gurudumu la kitambaa iache. Huviringisha kona, huzamisha matundu ya skrubu yakawa kama visahani, na hufuta maandishi. Bunduki iliyopitia gurudumu hutambulika kwa hatua kumi.

Kuna sehemu ambazo msasa haufiki kamwe: ndoana za chini, bapa zinazokalia mwili, uso wa nyuma wa mitutu, na kitoa maganda. Hizo zimelinganishwa kwa mkono ili bunduki ifunge bila upenyo. Ukiondoa chuma kidogo tu hapo, bunduki inaanza kucheza, na kuirudisha hugharimu kuliko kazi nzima ya weusi. Zipake vanishi kabla ya kuanza.

Vishimo vya kutu je? Nivisugue mpaka viishe?

Ikiwa ni vya juujuu, ndiyo, mradi unene umepimwa. Vikiwa virefu, viache. Safisha kutu iliyomo kwa mswaki wa shaba, ukubali kwamba vitaonekana. Kovu kwenye mtutu mnene ni bora kuliko uso laini kwenye mtutu mwembamba. Kujaza kwa kulehemu hakufai. Joto huyeyusha lehemu ya mbavu na kuharibu ugumu wa chuma.

Ndani ya mitutu nifanyeje?

Kama imepakwa kromi ndani, kama zilivyo Baikal nyingi, dawa haiishiki. Kinga chemba na mdomo tu. Kama ni chuma kitupu, safisha, kausha, paka vanishi ya nje tabaka mbili ndani, acha ikauke usiku mzima. Kisha chonga vijiti vinne vyenye kupungua unene, vya chemba vikianzia milimita 22 na vya mdomo 20, uvigongomee kwa nyundo ya mbao. Viache vitokeze sentimita 6: ndivyo vishikio vyako kuanzia hapo mpaka mwisho.

Wengine hutia mafuta ndani badala ya vanishi. Kizibo kikivuja, mafuta hutoka na kuelea juu ya maji, na kila unapoutoa mtutu unaupitisha kwenye utando huo. Mzunguko unaofuata hutoka na mabaka meupe yasiyoshika kutu, na fundi hubaki kulaumu dawa.

Kuondoa mafuta: nitajuaje kwamba chuma ni safi kweli?

Osha kwa asetoni na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kisichukue kitu. Kisha sugua kote kwa unga wa chaki uliokorogwa na maji, suuza. Sasa tazama maji yanavyotulia. Yakitanda kama utando mmoja, chuma ni safi. Yakijikusanya matone, rudia. Kuanzia hapa hakuna mkono mtupu unaogusa chuma. Alama ya kidole huonekana kama picha baada ya mzunguko wa kwanza.

Pamba ya chuma pia huja na mafuta kutoka kiwandani. Ioshe kwa asetoni, ianike. Ndiyo hatua inayosahauliwa kuliko zote.

Dawa inapakwaje, na kutu iachwe iote kwa muda gani?

Hapa ndipo kazi ilipo.

Chovya kipande cha pamba, kikamue mpaka kibaki na unyevunyevu tu. Vuta mkono mmoja mrefu kutoka chemba hadi mdomo, halafu mwingine kando yake, ukipitiliza ukingo wa ule wa kwanza kidogo sana. Usirudi nyuma. Usipapase. Chuma kinapaswa kuonekana kama kilichopuliziwa pumzi, si kilicholowa. Dawa ikikusanyika kwenye mshono wa mbavu, ifyonze kwa ncha ya karatasi kavu papo hapo. Matone ya mshononi ndiyo mama wa vishimo.

Kisha mtutu uwekwe mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 32 na unyevu wa asilimia 65 hadi 80. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja hewa ya chumbani ni hiyo hiyo sehemu kubwa ya mwaka. Funga tu madirisha, kwa maana upepo wa bahari hubeba chumvi nayo hutia vitone. Nairobi, Arusha au Iringa wakati wa kiangazi hewa ni kavu mno. Huko tengeneza kasha la mbao lenye urefu wa mita moja, weka ndani sahani ya maji na balbu ya moto ya wati 40 hadi 60 chini, mtutu ukining'inia juu. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha.

Muda ni saa tatu hadi kumi na mbili kutegemea dawa na hewa. Soma maelekezo ya chupa, lakini amini macho zaidi. Unachotafuta ni vumbi jepesi la rangi ya mdalasini, kama mahameli, lililoenea sawasawa. Likiwa hafifu, ongeza saa. Likianza kuwa na magamba au matone ya maji juu yake, umechelewa: chuma kimeanza kuchimbika. Mzunguko wa kwanza na wa pili chunguza kila saa, utajua tabia ya chumba chako.

Kuchemsha: dakika ngapi?

Dakika 15 kwenye maji yanayotokota hasa, si ya uvuguvugu. Mtutu uzame wote, ukining'inia kwa waya bila kugusa sakafu ya tangi. Rangi hubadilika mbele ya macho, kutoka mdalasini hadi nyeusi kama masizi. Nairobi, kwenye takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ongeza dakika tano na funika tangi.

Ukiutoa, maji hukauka yenyewe kwa joto la chuma. Yanayojificha mshononi yapulize kwa pampu ya baiskeli yasiache doa.

Kisha?

Sugua kwa pamba ya chuma kavu, kwa mkono mwepesi, mpaka masizi yatoke na chuma kibaki laini. Hutakiwi kuondoa rangi, unaondoa unga tu. Baada ya mara ya kwanza utaona kijivu kilichopauka kisichotia moyo. Mara ya tatu kinakuwa kama wingu la mvua. Kuanzia ya sita, weusi wenye samawati kwa mbali. Acha pale mizunguko miwili mfululizo isipoleta badiliko.

Kwa siku moja mizunguko miwili ni ya kawaida, mitatu ni bidii. Tenga siku nne hadi sita. Ipo njia ya haraka, ambapo dawa maalumu kama Mark Lee Express Blue hupakwa chuma kikiwa bado cha moto kutoka kwenye maji, na kazi huisha kwa siku moja. Weusi wake ni mzuri kabisa, ila hausamehe: dawa hukauka mara inapogusa chuma, hivyo mkono unaosita huacha mistari.

Matokeo yametoka na kasoro. Imetokana na nini?

Mabaka yasiyoshika kutu: mafuta. Rudia asetoni na chaki pale tu, endelea; mara nyingi mizunguko miwili inayofuata huyafunika.

Vitone vyeupe: chokaa ya maji magumu. Badilisha maji, sugua, rudia.

Michirizi ya rangi ya shaba: dawa nyingi mno kwenye pamba, kwa zile dawa zilizo na chumvi za shaba ndani yake. Ichemshe, isugue, na mara nyingine kamua zaidi.

Kutu nyekundu inayotoka mshononi siku mbili baada ya kumaliza: maji yamebaki chini ya mbavu. Weka mitutu kwenye joto la nyuzi 110 kwa saa moja, si zaidi ya 120, kisha ingali na joto mimina mafuta mepesi ya kufukuza maji kwenye mshono, iache imesimama usiku mzima. Ikijirudia baada ya hapo, mbavu imeachia na ile sauti ya kengele hukuisikiliza vizuri.

Weusi unaotoka kwenye kitambaa: kutu haikugeuka yote. Ichemshe tena bila kupaka dawa.

Nawezaje kuisimamisha kutu isiendelee?

Baada ya kusugua kwa mwisho, chemsha dakika 10 kwenye maji mapya yenye kijiko cha chakula cha magadi ya kuokea kwa kila lita nne, kisha suuza kwa maji safi yanayochemka. Mtutu ukiwa bado wa moto, uloweshe mafuta ya injini mapya au mafuta ya bunduki, uache saa 24 bila kuufuta. Weusi hukolea usiku huo. Ndipo utoe vijiti na kuondoa vanishi ya ndani kwa asetoni, ukiwa mwangalifu isimwagike nje, kisha upake mafuta ndani.

Mwili wa bunduki una rangi kama marumaru. Nao nautia weusi?

Usiuguse. Rangi zile za kahawia, samawati na kijivu zilitokana na kuoka chuma ndani ya mkaa wa mifupa na kukizamisha majini. Ni ngozi ngumu, na ni nyembamba. Msasa huiondoa milele. Kuirudisha ni kuoka upya, kazi inayoweza kupindisha mwili mpaka mitutu isikae. Safisha kwa mafuta na kitambaa, basi. Kama rangi zimeshafifia zikabaki fedha ya kijivu, huo ndio uzee wa heshima.

Skrubu hazitoki.

Mafuta ya kupenya, subiri siku nzima, kisha bisibisi iliyochongwa iujaze mfereji wote kwa upana na unene. Mifereji ya bunduki za Kiingereza ni myembamba kupita bisibisi ya dukani. Noa moja kwa ajili hiyo. Kila skrubu irudi kwenye tundu lake, kwa hiyo zichomeke kwenye kadi iliyochorwa umbo la bunduki.

Mitutu ya Damaski, yenye michoro ya mawimbi?

Haitiwi weusi mtupu. Huoteshwa kutu ya kahawia, au nyeusi iliyofifishwa, ili nyuzi za chuma na za feleji zionekane tofauti. Ni fani peke yake. Na usiipige kwa risasi za kisasa kwa sababu tu imependeza; tazama muhuri wa majaribio ya baruti isiyo na moshi, na hata ukiwapo, fundi aipime kwanza.

Mossberg 500 yangu haishiki dawa kwenye mwili.

Mwili wake ni aluminiamu. Aluminiamu haina kutu ya chuma ya kugeuza. Mtutu ni wa chuma na utashika. Mwili unataka rangi.

Naishi pwani. Si bora rangi ya seramiki?

Kwa bunduki ya kazi ya mtutu mmoja au ya kupampu, huenda ndiyo. Cerakote ya kuoka, mfululizo wa H, huokwa kwenye nyuzi 120 kwa saa mbili, joto ambalo lehemu inalistahimili, na huivumilia chumvi kuliko weusi wowote. Inahitaji chuma kilichopigwa mchanga wa oksidi ya aluminiamu kwanza. Kwa bunduki ya zamani ya mitutu miwili, kupiga mchanga ni kufuta maandishi yote ya mkono. Hapo bora weusi na kitambaa chenye mafuta.

Thamani itapanda au itashuka?

Bunduki ya kawaida iliyoliwa kutu hupanda ikifanywa vizuri. Yenye jina kubwa, Purdey, Holland & Holland, Westley Richards, hushuka ikiguswa na mtu mwingine asiyejulikana. Ukiwa na mojawapo, hata yenye madoa, usianze.

Baada ya kazi, niitunzeje?

Futa kwa kitambaa chenye mafuta kila baada ya kuishika, si kila baada ya kupiga tu. Jasho la mkono lina chumvi. Mara moja kwa miezi mitatu paka nta ngumu kidogo nje. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi au ya sufu, hunyonya unyevu na kuukalisha juu ya chuma. Ndani ya kabati la chuma weka mfuko wa chembe za kukausha hewa, gramu 500 kwa kabati dogo, uukaushe kwenye oveni unapobadilika rangi. Pwani hiyo huwa kila wiki mbili au tatu wakati wa masika.